Ubora wa Kitoweo na Amana ya Watu wa Nyumbani

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mwenye kuviruzuku viumbe vyote, vya bara na vya baharini. Na rehema na amani zimfikilie Bwana Mtume Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na Masahaba zake wote.

Ama baadu. Enyi ndugu Waislamu, jueni yakuwa katika miji ya pwani, tangu Lamu hatta Kilwa, imekuwa dasturi ya watu wengi kuupima utukufu wa mtu kwa nyama iliyo juu ya sinia yake. Mgeni akija na nyama haipo, mwenye nyumba huona haya. Harusi ikiwapo, watu hawaulizi kama bwana arusi ajua haki za mke, huuliza wamechinjwa ng'ombe wangapi. Na asiyekuwa na fedha huenda kwa mwenye bucha akakopa, ili asisemwe barazani. Wageni wakiisha kwenda zao, watoto wa nyumba ile ile hulishwa uji mweupe wa muhogo, usio na maziwa wala karanga ndani yake, kwani fedha ya kunde na mayai imekwenda kulipa deni la nyama.

Jambo hili lina madhara matatu: dhara ya dini, dhara ya siha, na dhara ya ardhi ambayo Mwenyezi Mungu amewapa wanaadamu waitunze. Na kila moja yataka kubainishwa, ili mwenye akili azingatie.

Kwanza: Nyama ni halali, walakini si sharti

Asije mtu akadhani yakuwa yakatazwa nyama. Nyama ya mnyama wa halali aliyechinjwa kisharia ni neema, na Mwenyezi Mungu amewakataza waumini kujiharimishia vizuri alivyowahalalishia. Bwana Mtume mwenyewe alikula nyama na aliipenda. Udhiya ni sunna iliyotiliwa nguvu, na katika nyama yake masikini wana fungu lao. Kwa hiyo, anayesema yakuwa nyama ni mbaya katika asili yake amekosa, na anayesema yakuwa pasipo nyama hapana chakula cha heshima amekosa vile vile.

Tazameni meza ya Bwana Mtume ilivyokuwa. Bibi Aisha (R.A.) alimweleza mpwa wake Urwa yakuwa ilikuwa ikiandama miezi mitatu katika muda wa miezi miwili, wala hakuwashwa moto wa kupikia katika nyumba za Mtume. Alipoulizwa walikuwa wakiishi kwa nini, akajibu kwa tende na maji, ila majirani wa Kiansari walikuwa wakiwapelekea maziwa. Na katika Hadithi ya Jabir (R.A.), siku moja Bwana Mtume aliwataka watu wa nyumbani kwake kitoweo, wakamwambia hapana ila siki. Akaitaka iletwe, akawa anakula huku akiisifu yakuwa ni kitoweo chema. Na Anas (R.A.) amesimulia yakuwa fundi mmoja wa kushona nguo alimwalika Mtume, akamwekea mkate wa shayiri na mchuzi wenye mumunye na nyama kavu. Mtume akawa anayatafuta yale mumunye pembezoni mwa chombo, na tangu siku ile Anas akawa mwenye kuyapenda.

Basi ni nani aliye mtukufu zaidi kuliko mgeni huyu? Na ni nani awezaye kusema yakuwa fundi yule alivunjiwa heshima yake kwa sababu mgeni alikula mumunye? Na Abu Huraira (R.A.) amepokea yakuwa Bwana Mtume hakupata kukitia ila chakula hatta mara moja, akikipenda hukila, na asipokipenda hukiacha. Mume anayelisukuma bakuli la kunde mbele ya mkewe na kuuliza nyama iko wapi, na aipime tabia yake kwa tabia hiyo.

Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) aliwaonya watu na uzoevu wa nyama, akaufananisha na uzoevu wa ulevi, kama ilivyopokewa katika Muwatta ya Imamu Malik. Na siku moja alimkuta Jabir amechukua nyama, akamuuliza khabari yake. Alipoambiwa yakuwa ni hamu tu iliyomfanya ainunue, alimkemea kwa kumkumbusha jirani yake na binamu yake wenye njaa. Na katika mwaka wa njaa kuu, mwaka wa 18 wa Hijra, alijizuia na samli na nyama hatta watu wapate faraja, akawa anakula mkate kwa mafuta hatta tumbo likamnguruma, naye ni Amiri wa Waumini.

Pili: Aya ya Bani Israili na wanaoitumia vibaya

Wako watu wakiambiwa wale dengu na kunde hujibu kwa aya ya 61 ya Suratil Baqara. Husema yakuwa Bani Israili walipomtaka Nabii Musa (A.S.) awaombee mboga na matango na thumu na dengu na vitunguu, walilaumiwa kwa kubadilisha kilicho bora kwa kilicho duni. Basi, wasema hao, dengu ni chakula cha waliokasirikiwa.

Maneno haya hayana nguvu. Bani Israili walikuwa wakiteremshiwa manna na salwa pasipo kulima wala kununua, wakachoka na neema ile, wakasema kwa utovu wa adabu yakuwa hawawezi kustahamili chakula cha namna moja. Wanazuoni wa tafsiri wameeleza yakuwa chakula kile cha mbinguni kilikuwa bora kwa ladha yake, na kwa kuja pasipo taabu, na kwa kuwa ni amri ya Mola wao wakitumie. Wala hapana mwanachuoni aliyesema yakuwa dengu ni haramu au makuruhu kwa aya hiyo. Na mkulima wa Kilifi au wa Lindi hateremshiwi manna wala salwa; kunde zilizo shambani mwake ndizo riziki aliyoteremshiwa yeye. Anayeibeza riziki hiyo na kutaka nyingine, ndiye aliyefuata mwendo wa wale waliolaumiwa. Aya hii ni hoja juu yake, si hoja yake.

Tatu: Siha ya mwili na kazi ya protini

Mwili wa mwanaadamu hujengwa kwa kitu ambacho matabibu hukiita protini. Kwa hiyo hufanywa misuli na ngozi na damu, na kwa hiyo mtoto hukua na jeraha hupona. Watu wengi hudhani yakuwa protini imo katika nyama peke yake. Si hivyo. Katika gramu 100 za nyama mbichi ya ng'ombe isiyo na mafuta mna protini yapata gramu 20. Katika gramu 100 za kunde kavu mna yapata gramu 24, na katika soya yapata 36, na katika dagaa waliokaushwa vizuri huzidi 50. Ni kweli kunde zikipikwa hunywa maji, na katika gramu 100 za kunde zilizoiva hubaki kama gramu 8. Walakini kilo moja ya kunde kavu, ikiisha kuiva, huzidi kilo mbili, ikawatosha watu wengi kwa fedha kidogo. Ama muhogo mbichi, katika gramu 100 protini yake haifiki gramu 2. Ndiyo maana huwezi kumjenga mtoto kwa muhogo peke yake.

Tena protini si namna moja, bali imeungwa kwa vipande vingi, na mwili huvihitaji vyote. Kipande kimoja kiitwacho laisini ni haba katika mchele na mahindi, na ni kingi katika kunde. Na kipande kingine kiitwacho methionini ni haba katika kunde, na katika mchele kipo cha kutosha. Basi vyakula hivi viwili vikiliwa katika siku moja, kila kimoja hukitimiza kilichopungua katika mwenziwe. Wazee wa pwani hawakusoma elimu hii vitabuni, walakini waliiweka katika sufuria: wali na mchuzi wa kunde, mbaazi za nazi na mahamri, pure ya mahindi na maharagwe. Mbaazi zinazoliwa asubuhi kwa furaha zaweza pia kuwekwa mbele ya mgeni mchana pasipo haya.

Pana mambo ya kuangaliwa, kwani haki ni kusema yaliyomo yote. Chuma kilichomo katika kunde hakiingii mwilini kwa wepesi kama cha nyama. Dawa yake ni kukamulia ndimu au kula tunda lenye uchachu pamoja nacho, na kuiacha chai mpaka baada ya muda, kwani chai huzuia chuma kisiingie. Na vitamini B12, ambayo damu na mishipa ya fahamu huihitaji, haipatikani katika kunde wala mbegu. Hupatikana katika samaki, mayai, maziwa na nyama. Kwa hiyo mwenye dagaa kidogo, au yai, au maziwa, pamoja na kunde zake, amekamilika pasipo kuchinja kila juma. Maharagwe yarowekwe usiku na maji yake yamwagwe, kisha yachemshwe sawasawa, kwani maharagwe mekundu yasipochemka vizuri hudhuru tumbo. Na karanga zilizoota kuvu zitupwe wala zisisagwe, maana kuvu lile huleta sumu iitwayo aflatoksini, nayo huharibu ini.

Ama kula nyama nyekundu kupita kiasi, nako kuna madhara. Katika mwaka 2015, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza yakuwa nyama iliyosindikwa, kama soseji, ni katika mambo yaletayo saratani, na yakuwa nyama nyekundu yaelekea kuwa katika mambo hayo. Na mwenye jongo ajua maumivu yake baada ya karamu. Bwana Mtume alikwisha kuonya yakuwa mwanaadamu hajazi chombo kilicho kiovu zaidi kuliko tumbo, akaelekeza theluthi moja iwe ya chakula, na theluthi ya kinywaji, na theluthi ya pumzi.

Nne: Amana ya watoto

Hili ndilo jambo zito kuliko yote. Katika mwaka 1933, daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana, aliandika khabari za ugonjwa wa watoto ambao miguu yao huvimba, na nywele zao hugeuka rangi, na ngozi yao hubambuka. Mwaka 1935 aliutangaza kwa jina walilomtajia wenyeji wa kabila la Waga, nalo ni kwashiorkor, ambalo kwa Kiswahili watu husema kwashakoo. Maana yake ni ugonjwa wa mtoto mkubwa anapozaliwa mdogo wake. Yaani mtoto akiachishwa ziwa kwa ajili ya mwenziwe, akapewa uji mtupu wa mahindi, mwili wake huvunjika. Matabibu wa baadaye wamejua yakuwa maradhi mengine, kama ya kuharisha, nayo yana sehemu katika kumwangusha mtoto. Walakini chakula dhaifu ndio mlango.

Na mbali na kwashakoo, liko dhara la siri ambalo wazazi hawalioni, nalo ni kudumaa: mtoto huwa mfupi kuliko umri wake, na akili yake hukosa kukunjuka sawasawa. Hesabu iliyofanywa na serikali katika mwaka 2022 ilionyesha yakuwa katika Tanzania watoto 30 katika kila 100 wasiotimia miaka mitano wamedumaa. Katika Kenya walikuwa 18 katika 100. Walakini katika Kilifi, nchi ya pwani yenye bahari na minazi na mashamba ya kunde, walikuwa 37 katika 100, nao ndio wengi kupita kaunti zote za Kenya. Enyi wenye kusali safu ya kwanza, hesabu hii si ya kusomwa ikapita.

Ni kweli ufukara una sehemu kubwa katika khabari hii, na fukara hahesabiwi asichokuwa nacho. Walakini mwanamume ambaye hula nyama mkahawani na rafiki zake, kisha akampa mkewe fedha isiyotosha kununua kibaba cha kunde, huyo hana udhuru. Kadhalika yule ambaye sinia lake huwekewa vipande vyote vizuri, na watoto wakaachiwa mchuzi na mifupa. Bwana Mtume ameeleza yakuwa yamtosha mtu dhambi kuwapoteza wale ambao chakula chao kiko juu yake. Na amebainisha yakuwa katika fedha zitolewazo kwa njia ya Mwenyezi Mungu, na za kumkomboa mtumwa, na za sadaka kwa masikini, zenye ujira mkubwa zaidi ni zile mtu azitumiazo kwa watu wake. Basi yai moja katika mkono wa mtoto, na kijiko cha unga wa kunde au wa dagaa ndani ya uji wake baada ya kutimia miezi sita, huku akiendelea kunyonya, ni ibada kwa baba aliyekinunua kwa nia njema.

Tano: Amana ya ardhi na bahari

Mwenyezi Mungu amewaonya watu wasifanye uharibifu katika ardhi baada ya kutengenezwa kwake. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilieleza katika mwaka 2013 yakuwa ufugaji wote wa duniani, tangu malisho hatta bucha, hutoa sehemu yapata 14.5 katika kila 100 za hewa zitokanazo na kazi za wanaadamu ambazo huitia dunia joto. Sababu yake ni yakuwa ng'ombe hucheua hewa ya metheni, na misitu hukatwa ili kupata malisho, na nafaka nyingi hulishwa wanyama ambayo watu wangeweza kuila wenyewe. Hayo hayamhusu mfugaji fukara ambaye mbuzi wake hula nyasi mahali pasipofaa kulimwa. Walakini yawahusu wale ambao hamu yao haina mpaka.

Mikunde ina khabari nyingine. Katika mizizi yake hukaa viumbe vidogo sana, bakteria, ambavyo huitwaa naitrojeni ya hewani na kuifanya mbolea. Kwa hiyo mkunde na mbaazi huirutubisha ardhi inayoyalea, na anayelima mahindi baada yake hupata faida. Hii ni hekima ya Mola, kwamba chakula cha masikini kiwe ndicho kinachoulipa udongo deni lake.

Na bahari vile vile. Mwenyezi Mungu amewahalalishia watu vitu vya bahari, na dagaa na samaki wadogo ni hazina ya pwani. Walakini anayevua kwa baruti huua matumbawe pamoja na mayai ya samaki, na anayekokota nyavu za matundu madogo huvitwaa vitoto kabla ya kuzaa. Huyo ameila leo riziki ya mwanawe ya kesho.

Sita: Vyakula vigeni na hukumu yake

Wataalamu wa leo huzungumza juu ya protini za namna mpya, na Muislamu hana budi kuzijua kwa mizani ya sharia. Nzige ni halali kwa Hadithi, na Abdullah bin Abi Awfa (R.A.) amesimulia yakuwa Masahaba waliwala walipokuwa vitani pamoja na Mtume. Walakini nzige waliopigwa dawa ya sumu, kama makundi mengi yaliyoingia Kenya mwishoni mwa 2019 na katika 2020, hawaliwi, kwani kujidhuru ni haramu. Ama kumbikumbi na wadudu wengine, katika madhehebu ya Imamu Shafii, nayo ndiyo ya watu wa pwani, hawaliwi. Na Malikia wana neno jingine. Soya na vyakula vifanyizwavyo kwa soya ni halali, maadamu hakikuchanganywa na kilicho haramu.

Tena iko nyama ikuzwayo chomboni kwa chembe zilizotwaliwa kwa mnyama. Mtaalamu Mark Post wa Uholanzi aliionyesha katika mji wa London mwaka 2013, na Singapore iliruhusu iuzwe tangu mwaka 2020. Baraza la Waislamu la Singapore lilitoa fatwa mwaka 2024 yakuwa yaweza kuwa halali, kwa sharti chembe ziwe za mnyama aliye halali kuliwa, na kisiingie kitu cha haramu katika kuikuza. Masheikh wengine waliyataka yawekwe masharti zaidi, kama mnyama awe amechinjwa kisharia. Mwenye shaka na awaulize wenye elimu, na asiyeihitaji ana mbaazi zake.

Khatima

Basi enyi ndugu Waislamu, fanyeni haya. Nyama iwe neema ya siku zake, isiwe deni la kila siku. Harusi ifanywe kwa uwezo, wala mtu asikope ili ashibishe ndimi za watu. Kunde, mbaazi, choroko, dagaa na mayai vipewe mahali pa heshima katika sinia, na mwenye sinia awe wa kwanza kuvila, ili watoto wamuone. Mtoto apewe fungu lake kabla ya mgeni aliyeshiba. Mwenye shamba apande mikunde baina ya mahindi yake. Na mwenye nyama amkumbuke jirani, hatta kwa kuuzidisha maji mchuzi, kama alivyousiwa Abu Dharr (R.A.).

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu riziki ya halali yenye baraka, na awape siha watoto wao, na awaondolee kiburi cha matumbo. Amin. Wabillahi taufiki.